Fundi umeme niliyejiajiri: mtandaoni napata laiki, kazi sipati. Nakosea wapi?

fundi_kihonda (Morogoro)

Habari za jioni wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, nipo Kihonda, Morogoro. Nina cheti cha chuo cha ufundi VETA, hatua ya tatu, na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Miaka mitano nilikuwa chini ya mkandarasi mmoja, tukifanya nyumba za watu binafsi na mara mojamoja hosteli. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikatoka, nikaanza kujitegemea. Hatukugombana, ila nilichoka kulipwa nusu mwezi huu na nusu nyingine mwezi usiojulikana.

Kazi tatu za mwanzo zilitoka kwa watu wanaonijua: shemeji, jirani, na mwalimu mmoja tunayesali naye. Baada ya hapo kimya. Watu wakaniambia siku hizi wateja wako kwenye simu, nami nikaingia. Nikafungua Instagram na TikTok. Nikamlipa kijana mmoja 80,000 anitengenezee nembo na matangazo kumi na mawili. Alifanya kazi yake, nembo ina radi ya njano na bisibisi, na kila tangazo lina maneno kama "Ubora ni desturi yetu" au "Tunawasha ndoto zako". Wafuasi nimefikisha 214. Laiki hazikosekani, nyingi za mafundi wenzangu na ndugu. Picha ninazoweka ni za nyumba zilizokwisha: jipsam safi, taa zinawaka, sakafu inang'aa.

Simu za kazi kutoka mtandaoni kwa miezi mitano ni mbili. Wa kwanza aliuliza bei ya pointi moja, yaani sehemu moja ya taa, swichi au soketi, nilipomtajia akanyamaza mpaka leo. Wa pili alitaka nimchezee mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, atumie bila kulipa, nikakataa.

Sasa kuna anayenishauri ninunue wafuasi 5,000 ili mtu akiingia aone pana watu. Mwingine anasema nilipie matangazo. Mke wangu anasema niache simu, nirudi kupita kwenye saiti na kuongea na watu. Nimetenga 150,000 na ndiyo yote niliyonayo, sitaki kuitupa. Waliopata jina mtandaoni kwa kazi ya mikono, au kazi yoyote ya kujiajiri, mlianzaje? Na jina liwe la kampuni au langu mwenyewe?

mchora_ramani (Dodoma)

Wafuasi usinunue, kaka. Mimi nachora ramani za nyumba, na mwaka 2021 nilinunua 3,000. Walikuja usiku mmoja, majina ya nchi nisizozijua. Kuanzia hapo kila nikiweka ramani inapelekwa kwanza kwa hao, hawaigusi, basi mtandao unaona haina maana na hata wale wangu wa kweli hawaletewi tena. Niliishia kufunga ukurasa ule na kuanza upya na watu 60. Wale 60 ndio walionipa kazi.

Jina tumia lako. Ukiwa peke yako, mteja anampigia mtu, hapigii kampuni. Mengine waachie wenye fani yako wakujibu.

dada_wa_umeme (Mwanza)

Mdogo wangu wa Kihonda, swali lako nimelisoma nikiwa saiti, nikasubiri nifike nyumbani nikujibu nikiwa nimetulia, kwa sababu jambo hili nalijali sana. Nafanya umeme wa majumbani mwaka wa kumi na moja huu, saba kati ya hiyo nikiwa najitegemea na vijana wangu wawili. Mteja akimwona mwanamke amebeba ngazi, anauliza fundi yuko wapi. Kwa hiyo nilihitaji jina linalomjibu kabla mimi sijafika mlangoni kwake.

Tuanze na picha zako. Taa inayowaka kwenye jipsam haimwambii mteja lolote juu yako. Taa inawaka hata pale fundi alipounga waya ndani ya ukuta kwa tepu bila boksi. Itawaka leo, itawaka mwakani, halafu masika moja ukuta unalowa na mama mwenye nyumba anapigwa shoti akifungua friji. Seremala kabati lake linaonekana, ukivuta droo tu unajua umeuziwa nini. Sisi sehemu kubwa ya kazi yetu inafunikwa na lipu. Mteja analipia kitu asichokiona na hatakiona, ndiyo maana anang'ang'ana na bei ya pointi. Bei ndiyo kitu pekee anachoweza kulinganisha kati yako na fundi mwingine. Yule aliyenyamaza baada ya kutajiwa bei usimlaumu. Hukuwa umempa kingine cha kupima.

Mimi naonyesha kazi kabla ya lipu. Bomba zikishakaa na boksi zikishafungwa, kabla fundi wa lipu hajagusa, napita chumba kwa chumba na chaki nyeupe. Karibu na kila bomba naandika ukutani linatoka wapi, linaenda wapi, na waya gani utapita. "Soketi jikoni, 2.5." "Taa, 1.5." "Jiko, 6, peke yake." Namba hizo ni unene wa waya. Kisha nalaza futi kutoka kona ya ukuta au ukingo wa dirisha mpaka kwenye bomba, namba zitazame kamera. Chini naandika eneo na tarehe. Napiga picha moja ya ukuta mzima na moja ya karibu. Nyumba ya vyumba vitatu inatoa picha 40 mpaka 60, kama saa moja ya kazi, na chaki haifiki hata 500.

Picha zote anapewa mteja kwenye WhatsApp, nami nabaki nazo kwenye Google Drive, kila nyumba na folda yake. Zinazokwenda Instagram ni tatu au nne tu.

Nikupe kisa kimoja uone zinavyofanya kazi. Kuna nyumba nilifanya Buhongwa. Miaka miwili baadaye mwenye nyumba akanipigia, kaleta fundi wa kufunga TV ukutani, na yule fundi anaogopa kutoboa kwa sababu hajui bomba limepita wapi. Nilikuwa kwenye daladala naelekea Igoma. Nikafungua folda, nikatuma picha ya ukuta wa sebule: chaki inasomeka, futi inasomeka, bomba liko sentimita 62 kutoka ukingo wa dirisha. Wakatoboa mbali nalo. Jioni yule mama akaweka picha mbili kwenye kundi la wazazi wa shule ya mwanawe, ukuta wa chaki na ukuta wenye TV, akaandika "huyu ndiye fundi wangu". Wiki ile nilipata simu tatu, moja ikawa nyumba nzima Kisesa. Na yule fundi wa TV mpaka leo ananiletea watu. Tangazo nililowahi kulipia, la 40,000, lilileta watu wa kuuliza bei wakapotea, kama wako.

Jambo la pili ni kasoro. Onyesha ubovu ulioukuta na ulivyouondoa. Video yangu iliyofika mbali kuliko zote ina sekunde 50 na haina muziki. Ni soketi ya pasi iliyoungua upande mmoja. Nimezima umeme, nimepima kuhakikisha umekatika, nimeifungua, naweka bisibisi kwenye skrubu iliyoshika waya, skrubu inazunguka karibu mzunguko mzima bila kusukumwa. Nikaeleza kwa sauti ya kawaida: waya ukilegea panapata joto, joto linazidi kulegeza, mwisho plastiki inayeyuka. Basi. Sikumtaja aliyefunga na wala sikumcheka. Ukimcheka fundi mwenzako mbele ya mteja, mteja anajiuliza na wewe utamsema yeye wapi.

Chini ya video ile watu walianza kuuliza. Mmoja akasema soketi ya jikoni kwake inatoa harufu kama ya samaki, wakadhani ni dagaa. Mdogo wangu, ile harufu ni ya plastiki inayopata moto. Nilimjibu hapohapo azime kwenye meni swichi, asiitumie ile soketi, amwite fundi mwenye leseni aliye karibu naye. Alikuwa Geita, sikupata shilingi. Miezi minne baadaye dada yake aliyepo Nyegezi akanipigia. Maswali hayo ndiyo duka lako. Mtu akiuliza asubuhi na ukamjibu kesho kutwa, umefunga duka.

Sasa Google. Mtu aliyekatikiwa umeme chumba kimoja saa mbili usiku haendi Instagram kutazama nembo. Anaandika "fundi umeme Kihonda". Fungua ukurasa wa biashara wa Google, ni bure. Chagua kwamba unawafuata wateja walipo, hapo unaruhusiwa kuficha anwani ya nyumbani na kutaja maeneo unayohudumia. Kuthibitisha, mara nyingi wanataka video inayoonyesha eneo, vifaa vyako na ushahidi kwamba kazi ni yako. Halafu omba maoni siku ileile umeme unapowaka, mteja akiwa bado anawasha na kuzima swichi kwa furaha. Mtumie kiungo, mwombe aandike kazi ipi ulimfanyia na mtaa gani. Usijiandikie, na usimlipe mtu akuandikie. Mimi nina maoni 38 kwa miaka mitano. Moja ni la nyota mbili: nilichelewa siku mbili bila kupiga simu. Ilikuwa kweli, nikajibu kwamba ni kweli na nikaomba radhi. Wateja wawili wameniambia waliniita kwa sababu ya jibu lile.

WhatsApp nayo ina siri ndogo ambayo mafundi wengi hawaijui. Stetasi yako anaiona yule tu ambaye wewe una namba yake na yeye ana yako. Unaweza kuwa na wateja 200 kwenye simu na stetasi ikaonwa na 30. Kwa hiyo kabla sijaondoka saiti nasema, "Mama, naomba uhifadhi namba yangu hapa mbele yangu, uandike jina langu na neno umeme." Wakiandika "Fundi" peke yake umepotea, maana wana akina Fundi sita.

Kwenye jina nakubaliana na wa Dodoma, ila lifanane kila mahali. Mimi nimesajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, ni jina langu na neno umeme. Hilohilo liko Google, liko WhatsApp, na ndilo linalotokea mteja anapolipa kwa Lipa Namba. Mtu akiona jina geni wakati wa kulipa, mkono unasita.

Na hapa naomba unisikilize sana. Nyumba si yako. Mwaka wa pili niliweka video ya chumba cha kulala, nondo za dirisha zinaonekana, sanduku linaonekana, na mbele kuna mita. Mwenye nyumba alinipigia akiwa amekasirika na alikuwa na haki. Siku hizi naomba ruhusa kwa maandishi kwenye WhatsApp, na sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo, ya mwaka 2022. Namba ya mita, zile tarakimu 11, naifunika. Nje ya nyumba siionyeshi. Mahali ilipo napataja kwa jina la kata tu.

Hiyo 150,000: sajili jina, nunua stendi ya simu (yangu niliipata Makoroboi kwa 20,000), nunua taa ya kichwa kwa sababu ndani ya nyumba isiyo na umeme picha zinakuwa giza, na bando. Inayobaki iache. Mke wako naye ana haki, saiti usiziache. Picha zako zote zitatoka saiti.

Kwangu ilichukua miezi 14 kabla kazi za mtandaoni hazijaanza kufuatana. Naweka kitu kimoja kwa wiki, Alhamisi jioni, na sijaruka hata nilipokuwa nimejifungua, nilikuwa na picha za akiba.

Na yule wa mita ya LUKU uliyemkataa, andika wazi kwenye ukurasa wako kwamba kazi hiyo hufanyi. Kuna wateja wanaotafuta hasa fundi anayekataa kazi ya namna hiyo.

stima_kisauni (Mombasa)

Salaam kutoka pwani. Mimi ni fundi wa stima, Kisauni, leseni yangu ni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya huku Kenya. Dada wa Mwanza namuunga mkono kwa mengi, hiyo ya chaki naanza kesho. Ila kuna jambo moja nataka mlichukue kwa uzito.

Mwaka juzi niliweka video ya kubadilisha breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, hatua kwa hatua, nia yangu watu waone kazi ni safi. Kijana mmoja wa Likoni akaifuata. Meni swichi hakuizima vizuri. Alinipigia yeye mwenyewe, vidole viwili vimebabuka, na namshukuru Mungu ilikuwa vidole. Hakunilaumu. Mimi nilijilaumu, nikaitoa usiku uleule. Tangu siku hiyo naonyesha dalili, naonyesha sababu, naonyesha ilivyokuwa baada ya kutengenezwa. Mikono ikiwa ndani ya boksi la breka sionyeshi, hata watu wakiomba. Dada, ile ya skrubu ni nzuri kwa sababu umesema umezima na umepima. Lakini mtazamaji anakumbuka bisibisi, kupima hakumbuki. Ningekuwa wewe ningeanza video kwa kifaa cha kupimia umeme kikisoma sifuri, iwe ndiyo picha ya kwanza.

La bei: sema mapema ada ya kuja kuangalia. Mimi natoza 1,000 za Kenya, ukinipa kazi naitoa kwenye bili. Nilipoiandika kwenye ukurasa simu zilipungua karibu nusu, na kazi hazikupungua. Walioondoka ni wale wa kuuliza tu.

Na leseni iweke ionekane, daraja na tarehe ya kuisha, namba ya kitambulisho ufunike. Huku kwetu orodha ya wenye leseni iko wazi, mteja akitaka kuhakikisha anahakikisha.

mama_muscat (Oman)

Assalaam aleikum wanangu. Mimi si fundi, mimi ni mteja, na naona hapa mnaongea mafundi peke yenu. Niko Muscat miaka mingi, najenga nyumbani Tanga, upande wa Pongwe. Msimamizi ni mtoto wa dada yangu, lakini ana kazi yake, hawezi kukaa saiti kutwa.

Fundi wa kwanza nilimpata mtandaoni. Wafuasi maelfu, picha nzuri mno. Nikatuma pesa ya vifaa. Akawa ananitumia picha za maendeleo, mimi nafurahi. Siku moja nikaangalia vizuri, dirisha kwenye picha lina fremu ya alumini. Nyumba yangu madirisha ni ya mbao. Alikuwa ananionyesha nyumba ya mtu mwingine. Pesa ile nimeisamehe, lakini usingizi nilioukosa sitausahau.

Wa pili nilimpata Google, ana maoni kumi na moja tu, ila kila moja amelijibu. Nikamwambia kisa changu. Hakuniahidi lolote. Kesho yake asubuhi akanitumia video, anaanza barabarani, anapita kwenye mwembe wangu ninaoujua, anaingia mlangoni, anakwenda mpaka ukutani anapofanya kazi, bila kukata. Nilipoona ule mwembe nililia. Kila Ijumaa alifanya hivyohivyo, na risiti za dukani zile za mashine ananitumia siku ileile. Nilimuuliza jambo la sola, akaniambia, "Mama, hilo silijui vizuri, ngoja nimuulize mwenzangu." Basi hapo ndipo nilipomwamini kabisa. Saa zetu zimepishana moja tu, akawa ananipigia baada ya Magharibi ya huku, mimi nimeshaswali.

Kwa hiyo mwanangu wa Morogoro, sisi tulio mbali tuko wengi na tunajenga. Nembo ya radi hatuitazami. Tunatazama kama ni nyumba yetu kweli na kama ni leo kweli. Hiyo tarehe ya chaki mwenzako aliyosema, kwangu mimi ina thamani kuliko wafuasi elfu kumi.

fundi_kihonda (Morogoro)

Nimerudi, wiki tatu zimepita. Asanteni sana, nimesoma majibu yenu na mke wangu zaidi ya mara moja, na mama wa Muscat Mungu akujalie umalize nyumba salama.

Yale matangazo kumi na mawili nimeyafuta. Jina nimebadilisha, ni langu na neno umeme na Morogoro. Google wamenithibitisha siku ya sita. Nimeomba maoni kwa wale wateja watatu wa mwanzo, mwalimu ameandika aya nzima, amekumbuka hata kwamba nilifagia vumbi.

Jana nilikuwa Mkundi, nyumba ya vyumba vinne, bomba zimekaa. Nikafanya ya chaki. Fundi wa lipu alinung'unika kwamba namchelewesha, lakini alipoona naandika akaja kuuliza, mwisho akanishikia futi. Picha 47. Nimeweka tatu Instagram kwa ruhusa ya mwenye nyumba, laiki ni 19, chache kuliko zile za jipsam. Lakini leo asubuhi kanipigia jirani wa nyumba ileile, aliona kwenye stetasi ya mwenye saiti. Yeye nyumba yake ilishapigwa lipu mwaka jana na fundi mwingine, anataka kufunga kabati za jikoni ukutani na hajui bomba ziko wapi. Dada, hapo namjibu nini? Na picha zangu hizi mbili za jikoni nimekutumia inboksi, naomba uniangalizie.

dada_wa_umeme (Mwanza)

Hongera sana mdogo wangu, umenifurahisha.

Huyo jirani mwambie ukweli: bila picha hakuna anayejua kwa hakika, na wewe hutamwahidi. Nenda na kifaa cha kutambua waya ukutani kama unacho au unaweza kuazima, anza kwenye kila soketi na swichi, fungua boksi baada ya kuzima na kupima, utazame bomba limeingilia juu, chini au ubavuni. Hapo unapata njia yake ya kuanzia. Yeye mwenyewe aone unavyofanya. Ukimaliza mchoree ukuta kwenye karatasi, weka alama pale ulipopata na alama ya kuuliza pale usipopata, na asitoboe penye alama ya kuuliza. Mtoze ada ya uchunguzi kama alivyosema ndugu wa Mombasa.

Picha zako nimeziona. Ya kwanza ni nzuri. Ya pili, ile ya ukuta wa jiko, futi imepinda na mwanga umepiga kwenye namba, haisomeki kama ni 48 au 43. Lipu inapigwa lini?

fundi_kihonda (Morogoro)

Kesho asubuhi, dada.

dada_wa_umeme (Mwanza)

Basi nenda sasa hivi, beba taa ya kichwa.